UZI: Koko alisema "medayo ni ya Furaha", na mu sanduku tumekuta bitu bitatu

Birere_Boy (Goma)

Salamu bandugu. Naleta kesi ya familia hapa, mutanisamehe ikiwa ndefu.

Koko yetu (bibi yetu) wa Bukavu alitutoka mwezi uliopita, myaka 88, mu usingizi, Mungu amupumzishe. Siku tatu mbele ya kufa alimuita shangazi, akamushika mukono akamwambia "medayo ni ya Furaha". Basi, hakuongeza neno. Furaha ni kuzina (binamu) yangu, njo alimulinda koko hii myaka yote, kumuogesha, kumupikia, kumupeleka ku misa, kwa hiyo hakuna mutu anabisha kama alistahili kitu.

Sasa jumapili tumefungua kasanduku yake ya bati, ile ya biskwiti ya zamani, na mule ndani tumekuta bitu bitatu byenye mutu anaweza kuita medayo. Kuko kamedayi kadogo ka Bikira Maria, aluminium, kenye kamba ya rangi ya bulu ilishaanza kuoza. Kuko medayi kubwa nzito ya rangi ya kahawia, iko na namba 25 katikati na kautepe kalishapauka, ile tate (babu yetu) alipewaka ku kazi kwa myaka yenye alitumika mu plantasio ya majani ya chai. Na kuko kakitu kamoja sawa yai dogo, rangi ya dhahabu, na muchoro wa maua juu, kanaonekana kanafunguka lakini kameshikana, tumejaribu na makucha kamekatala.

Kuzini yangu mumoja anasema medayo ni ile ya Bikira Maria juu njo koko alivaaka kila siku, Furaha apewe ile, na kale ka dhahabu kauzishwe tugawane. Munaona pale anaelekea. Mimi njo mukubwa mu bajukuu, batu bananiangalia mimi. Munisaidie: medayo ni nini kabisa?

KamalondoDirect (Lubumbashi)

Pole sana ndugu. Mais kwani medayi na medayo biko mbalimbali? Mi najua paka medayi, zile timu yetu Mazembe ilirudisha ku Abu Dhabi 2010 nyuma ya kupigwa na Inter tatu kwa bule. Hata bronze ya Leopards, timu ya taifa, ya CAN (kombe ya Afrika) 2015, kule Ginekweta (Gine ya Ikweta), tulipigaka wenyeji ku penalti, sijasikia mutu hata mumoja akisema "bachezaji balivaa medayo". So ile ya tate ya kazi ni medayi, toa ile mu kesi. Zimebaki mbili.

Mwalimu_Himbi (Goma)

KamalondoDirect amesema kweli bila kujua juu ya nini ni kweli. Hebu niwaelezee, nafundisha Kifaransa myaka mingi na hii neno inachanganyaka hata balimu.

Medayo ni Kifaransa, lakini Bafaransa nao bameikopa kwa Baitaliano. Baitaliano beko na medaglia, njo medayi ya kawaida, na wakitaka kusema kubwa banaongeza -one ku mwisho: medaglione. Donc ku mwanzo neno ilikuwa sawa na sisi tuseme "limedayi", kitu kubwa kupita medayi. Bamfalme ba Roma ya zamani balikuwa banatengenezesha tupande twa dhahabu tukubwa kupita pesa ya soko, si kwa kununua mikate, ni kwa kupatia bajenerali na bageni bakubwa. Leo batu ba historia banaita ile medayo.

Sasa pale neno iliingia mu Kifaransa ikageuka kiini macho. Mu Kifaransa hii -on inapunguzaka: chat ni paka, chaton ni katoto ka paka. Njo maana mutoto mu darasa yangu akisikia medayo anawaza mbio ni kamedayi kadogo. Kumbe ilianza kubwa. Na kisha vitu byenyewe bikapunguka kweli: batu balianza kuita medayo duara yoyote ya mapambo, mara mingi yenye picha ya kichwa cha mutu ndani, ku ukuta wa kanisa, ku kiti ya mfalme, katikati ya zulia ya Uajemi, mupaka ku ile ya kuvaa mu shingo yenye inafunguka na ndani kuko picha ya mupenzi ao nywele za marehemu. Ukiniuliza mimi, kitu kimoja tu kilibaki humo mote, ni ile umbo ya duara. Ukubwa haina maana tena.

Fundi_Nguba (Bukavu)

Mwalimu ameanzia Roma, mimi nitaanzia ku meza yangu 😂. Niko fundi ya bijou, myaka 19 mu hii kazi, na ku meza hatubishane. Medayi ni kitu kimoja bapa, inapigwa muchoro mbele na nyuma, haifunguke. Medayo ni nyumba. Iko na mulango, iko na sharniere pembeni (bawaba, kwa benye banasema ya pwani), na ndani iko na kamuzunguko ka kushikilia foto. Ikining'inia mu shingo bila kufunguka na si medayi, mie naita pandantifu. Mutu akija kuniambia "tengeneza medayo yangu" akatoa ya Bikira Maria, namuuliza mara mbili.

Birere_Boy sikiliza vizuri, musiguse kale kakitu na kisu wala wembe. Ndugu zangu banakujaga hapa na medayo imekatwa midomo yote sawa mukebe wa sardini. Angalia upande wa kupambana na sharniere, utaona kashimo kadogo sana, pale njo ukucha inaingia. Ikikatala ni juu ya jasho na mafuta na sabuni zimekauka mule myaka na myaka. Usitie maji! Foto ya zamani ikilowa imekwisha. Kuja nayo ku mutu anajua.

Na mbele ya kugawana hiyo dhahabu, tafuta 750 ku kapete ka juu pale mukufu unapitia, ile njo karati 18. Usipoona namba, na pembeni pale inagusanaga na nguo rangi imegeuka nyekundu ao nyeupe, hiyo ni kupakwa tu, ndani ni shaba, na kuzini wako atagawana bei ya bia mbili.

Mama_Panzi (Bukavu)

Pole kwa msiba mwanangu. Musidharau ile ya aluminium. Sisi ba Légion ya Maria (chama cha sala cha Bakatolika) tunaita medali ya miujiza, na iko na historia yake. Ni Sista mumoja wa Paris, Catherine Labouré, mu 1830 Bikira Maria alimutokea mu kapela ya masista, rue du Bac, akamuonyesha mufano na kusema ipigwe medali. Za kwanza zilitoka 1832 wakati kolera ilikuwa inamaliza batu mu Paris, njo maana ilipendwa mbio vile. Sista akafanywa mutakatifu 1947. Pindua nyuma utaona herufi M na musalaba juu yake, mioyo mbili chini, moja iko na miiba na ingine imechomwa na upanga, na nyota 12 kuzunguka. Mbele kuko maandishi duara, ya kuomba Maria aliyepata mimba bila zambi atuombee.

Mimi nilishonea batoto bangu bote sita hii medali ndani ya nguo, upande wa kifua. Donc kwa imani ile ya aluminium inapita dhahabu. Lakini kwa neno, hapana, haijawahi kuitwa medayo mu parokia yetu, Padri anabarikia "medali".

Kuzini_Halisi (Bukavu)

Nimetumiwa hii uzi na rafiki. Birere_Boy ni vizuri sana kuleta mambo ya nyumba ku intaneti, koko hajamaliza hata siku arobaini.

Nisikilizeni nanyi. Hii Kifaransa yote ya mwalimu ni sawa, lakini koko yetu hakuwa mwalimu. Mama wa zamani wa Kadutu akisema "medayo" anaweza kuwa anasema medayi na meno yalishatoka! Myaka 88! Mutu anakufa hachagui herufi. Na kila mutu anajua alivaaka ya Bikira. Mimi sitafuti dhahabu, natafuta haki, tuko bajukuu 11.

KamalondoDirect (Lubumbashi)

Eeeh kesi imepata avoka 🍿

Birere_Boy (Goma)

Ndugu, mu uzi sikuweka jina ya mutu. Na koko alijua Kifaransa vizuri, tusidanganyane. Alipitaka ku foyer social mbele ya uhuru, kule balifundishaka bamama kushona na kupiga pasi na kusema na madame. Alikuwa anatukosoaga sisi! Nikisema "la soulier" ku pahali pa "le soulier" (kiatu) ananikata palepale.

Mwana_Ndendere (Bukavu)

Samahani naingiza kitu ingine, mukubwa wangu eko New York, na kule medayo ni ya taksi. Si uongo. Ni kapande ka chuma kanapigwa misumari ku kapo ya gari ya manjano, na bila ile hauruhusiwe kuchukua mutu anayenyosha mukono mu barabara. Sheria yake ni ya 1937, balitaka kupunguza wingi wa taksi, wakafunga hesabu, na juu hesabu ilifungwa bei ikaanza kupanda. Nyuma ya myaka mingi zilifika 13,587. Mu 2014 moja ilipitaka dola milioni moja! Batu wa Pakistani, wa Haiti, wa Afrika bakakopa benki juu ya kale kapande, banasema njo pensioni yangu. Kisha Uber ikaingia, bei ikaanguka chini ya laki mbili, deni ikabaki palepale. Bengine balijiua. Mu 2021 bashofere balifungaka kula siku 15 mbele ya ofisi ya meya mupaka wakapunguziwa deni.

Mukubwa hakununua, alikuwa anakodesha ya mutu ingine. Kila nikiona bamotari ba Goma na gile (vesti) zao za namba nawaza, kama siku moja ile gile itauzishwa bei ya nyumba ku Himbi itakuwaje.

Mwalimu_Himbi (Goma)

Ndugu hiyo mufano ni muzuri, juu kapande ka chuma kenye kanasema "huyu anaruhusiwa" ni mambo ya zamani kwetu. Léopold II na dekreti ya 1891, kisha Babeleji na ya 1910, balipangaka machefferie (maeneo ya kutawaliwa na chefu), na chefu mwenye serikali inamukubali alipewa medayi ya kuvaa mu shingo. Bakaitwa chefs médaillés. Kwingine batu balikuwa na mwami wao wa kweli, wa damu, na pembeni kuko mutu wa medayi mwenye anakusanya kodi. Ukifika mu kijiji ukiuliza nani mukubwa hapa ulikuwa unapata majibu mbili.

Na kuko medayo ingine siwezi kuacha. 1787 Uingereza, Josiah Wedgwood, mutu wa kutengeneza sahani, alitoa kaduara ka udongo, muntu mweusi amepiga magoti na minyororo mu mikono, na maneno kuzunguka: je mimi si mtu na ndugu? Bamama ba kizungu balivaaka ile ku mukono na mu nywele, ikawa modi, na ilisaidia kupiganisha biashara ya batumwa. Naonyeshaka wanafunzi ile picha, na kila mwaka kuko mumoja anauliza juu ya nini amepiga magoti. Ni swali nzuri.

Chukudu_Express (Goma)

Mimi najua medayo ya restora tu 😭 nilipeleka mutoto wa batu pale ku bord ya ziwa, menu inasema "médaillon de bœuf", nikasema bon, kitu ya jina kubwa vile inatosha. Sahani ikakuja, tuduara tutatu twa nyama tunalingana na kifuniko ya chupa ya Primus, haina mufupa, na kajani moja juu. Dola 22. Nilikula fufu ku nyumba usiku.

Fundi_Nguba (Bukavu)

😂😂 ni filé wanakata duara, jina imetoka ku umbo. Ulilipa umbo.

KamalondoDirect (Lubumbashi)

Huku kwetu ukisema medayo batu banawaza malachite, ile jiwe ya kijani na mistari. Bafundi banaikata sawa yai, banaisugua mupaka inangaa, banaizungusha na kamukuba. Lakini chunga ndugu, kuko ya plastiki. Ya kweli iko nzito na iko baridi ukiigusisha ku shavu, na mistari haifanane kila moja. Kuko tena croisette, ile musalaba ya mukuba yenye bakambo balitumikishaka sawa pesa, Katanga ya Tshombe, pale ilijitenga na Kongo, iliweka ku drapo na ku pesa zake za chuma za 1961, upande moja croisette upande ingine ndizi. Batu banaivaa mu shingo leo. Ile nayo si medayo lakini nimesema tu juu najivunia.

Mama_Panzi (Bukavu)

Batoto munatembea mbali. Birere_Boy, mimi niko na swali moja tu. Hizi tatu koko alikuwa anaziita namna gani, yeye mwenyewe? Si dixioneri, si Roma. Mdomo yake. Muulize shangazi yako.

Birere_Boy (Goma)

Mama Panzi aksanti sana. Nimepiga simu kwa shangazi saa hii, tumesema dakika arobaini, kredi imekwisha.

Ile ya Bikira hakuiita medali wala medayo. Aliita "Mama". Asubuhi alikuwa anasema "Furaha, niletee Mama yangu nivae, misa imekaribia". Shangazi ameanza kulia pale.

Ile kubwa ya kazi aliita "medayi ya baba yenu". Kila mara vile, haikatwe.

Na kale ka dhahabu. Shangazi anasema alipokuwa mutoto, wa myaka sita ao saba, alikashika mu kitanda ya koko akaanza kukatikisa ajue kuko nini. Koko akamunyanganya akasema: "Acha medayo, itafunguka, baba yako atatoka."

Mwalimu_Himbi (Goma)

Baba yako atatoka! Basi mimi nafunga kitabu.

Fundi_Nguba (Bukavu)

Kuko foto ndani. Na ni nyumba, nilisema. Leteni kesho mbele ya saa sita, sitalipisha.

Kuzini_Halisi (Bukavu)

Sawa. Kama shangazi amesema vile mimi sina neno. Nilikuwa nataka tu iwe wazi.

Birere_Boy (Goma)

Bandugu nimerudi. Nilivuka na bato ya usiku, asubuhi tukaenda kwa fundi mimi na Furaha na shangazi, na Kuzini_Halisi pia alikuja, alivaa hata koti.

Fundi aliweka kamafuta kadogo sana ku sharniere na ncha ya sindano, akangoja, akavuta na ukucha ya kidole gumba. Ikapiga kasauti, tik. Namba 750 haiko, ni shaba imepakwa, kuzini niliona bega zake zinashuka.

Upande wa kuume kuko tate. Kijana! Masharubu membamba, shingo ya shati imefungwa mupaka juu, foto imekatwa na makasi kufuata yai. Furaha hakumujuaka tate, alikaangalia muda murefu sana akasema "kumbe njo pua yangu".

Upande wa kushoto, mule foto ya pili ingekaa, kuko kapuce ka simu (laini, SIM). Sina uongo. Kapuce ka zamani, nako kamekatwa na makasi, pembe moja imepotoka, kalifungwa mu kanylon.

Tumekaweka mu simu ya shangazi palepale. Namba ni ya koko, ile ya kwanza kabisa, yenye alituambiaka alipoteza ku soko ya Kadutu. Inatumika. Messaji zikaanza kuingia, moja moja, nyingi, na zote ni za pesa ya simu: umepokea, umepokea, umepokea. Mujomba yetu mwenye eko Canada. Kila mwezi. Koko alikuwa anatuomba sisi pesa ya sukari!

Chukudu_Express (Goma)

KOKO WETU WOTE 😭😭😭

Kuzini_Halisi (Bukavu)

Naomba kusema kwa heshima. Koko alisema medayo. Hakusema puce. Medayo na tate ndani ni ya Furaha, hakuna shida. Puce ni kitu ingine, igawanywe kwa 11.

Fundi_Nguba (Bukavu)

Mimi nilifungua mulango tu, ya ndani musiniulize.

Mwalimu_Himbi (Goma)

Mutu akikuachia nyumba, ameacha na mufuko wa mihogo iko ndani?

Mama_Panzi (Bukavu)

Musianze kujaribu kodi (namba ya siri) ya pesa ya simu ovyo, mara tatu inafungwa. Mwende ku ajansi na karatasi ya kifo na kitambulisho, batawaambia bya kufanya.

Birere_Boy (Goma)

Mama Panzi umechelewa, Furaha amejaribu mara moja, mwaka wa kuzaliwa wa koko, imekatala. Kuzini akajaribu 2525, juu ya ile medayi ya tate, imekatala nayo. Imebaki moja. Shangazi ametunyanganya simu, ameiweka mu kasanduku ya biskwiti pamoja na "Mama" na ile ya kazi, na funguo ameivaa mu shingo. Medayo Furaha ameivaa, ameenda nayo misa.